Paka Wako Ana Uzito Gani? Mikono, Mizani na Daftari Vinatosha Kukujulisha

Mnunuzi wa mbuzi katika soko la mifugo la Garissa hategemei macho peke yake. Hupitisha mkono juu ya mgongo, hubonyeza kiunoni nyuma ya ubavu wa mwisho, hushika kifua, kisha ndipo hutaja bei. Manyoya yanaweza kumdanganya, na tumbo lililojaa maji pia. Mfupa na nyama anavyovigusa kwa kiganja ni vigumu kumdanganya.

Ujuzi huo unaweza kumfaa mnyama mwingine ambaye tunamwona kila siku lakini wachache wetu humshika kwa makini: paka wa nyumbani. Paka huficha maradhi. Mbuzi mgonjwa hubaki nyuma ya kundi na mchungaji akamwona. Paka mgonjwa hujilaza chini ya kitanda au nyuma ya gunia, na watu wakadhani amechoka na joto. Mara nyingi dalili ya kwanza ya ugonjwa wake ni uzito unaopungua kidogo kidogo, na kwa kuwa tunaishi naye kila siku, mabadiliko hayo hatuyaoni mpaka yawe makubwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufuatilia uzito wa paka ukiwa nyumbani, mara moja kwa mwezi, kwa muda usiozidi dakika 10. Pia yanaeleza ni lini utulie na ni lini umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa nini kaunti inazungumzia paka?

Baadhi ya wakazi watauliza kwa nini serikali ya kaunti, yenye ngamia, ng'ombe na mbuzi wengi wa kushughulikia, ichukue nafasi kumzungumzia paka. Jibu limo katika Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la huduma za afya ya mifugo pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama. Jukumu hilo halimhusu mnyama wa kuuzwa sokoni peke yake.

Kisha kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayomtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji ya kutosha. Na kabla ya sheria hizo, Waislamu wengi wa kaunti hii walikua wakiisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki.

Kuna sababu ya kiutendaji pia. Paka ndiye mlinzi wa ghala la mahindi, duka la jumla, jikoni na hema. Bisad au mukulaal, kwa jina lolote utakalomwita, akiwa na afya njema hupunguza panya bila gharama ya sumu. Akiwa mgonjwa hawezi kazi hiyo, na anaweza kuleta minyoo na viroboto karibu na watoto.

Gramu 200 si kitu kidogo

Paka wengi wazima wa nyumbani huwa na uzito wa kati ya kilo 3 na kilo 5. Majike huwa wepesi kuliko madume. Lakini hakuna namba moja inayomfaa kila paka. Jike mwenye mifupa midogo anaweza kuwa mzima kabisa akiwa na kilo 2.8, na dume mwenye umbo kubwa akawa mwembamba akiwa na kilo 4.5. Uzito unaofaa ni ule ambao paka huyo mmoja huwa nao anapokuwa na afya. Kwa hiyo mlinganishe na nafsi yake, usimlinganishe na paka wa jirani.

Kwa sababu mwili wake ni mdogo, mabadiliko madogo yana maana kubwa. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 200, amepoteza asilimia 5 ya uzito wake. Ni sawa na mtu wa kilo 60 kupungua kilo 3. Akipoteza gramu 400, ni asilimia 10, sawa na mtu huyo kupungua kilo 6. Mtu akipungua kilo 6 bila kutaka, jamaa zake wangeshampeleka hospitali. Kwa paka, tofauti hiyo ni chini ya nusu kilo ya sukari, na jicho haliwezi kuiona chini ya manyoya.

Hatua ya kwanza: tumia mikono

Anza na mikono kabla ya mizani, kwa sababu mizani hukupa namba bila kukueleza kama namba hiyo ni mafuta, nyama au maji. Chagua wakati paka ametulia. Mweke juu ya meza au sakafuni, asimame kwa miguu yote 4. Usimshike shingoni kwa nguvu. Msemeshe polepole, umkune kichwa, kisha anza.

Mbavu. Weka vidole gumba vyako juu ya mgongo wake na utandaze vidole vingine pande zote mbili za kifua. Papasa mbele na nyuma bila kubonyeza. Sasa linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi na upapase vifundo vya vidole: mbavu zikihisika hivyo, paka amekonda. Nyoosha mkono na upapase mgongo wa kiganja: ukihisi mbavu namna hiyo, zikiwa na utando mwembamba juu yake, uzito ni mzuri. Geuza mkono na upapase upande wa ndani wa kiganja, chini ya vidole: ikiwa mbavu zimefichika namna hiyo na inabidi ubonyeze ndipo uzipate, paka amenenepa.

Mgongo na nyonga. Pitisha kidole juu ya uti wa mgongo kuelekea mkia. Unapaswa kuhisi mfupa bila kuuona, na pande zote mbili kuwe na nyama iliyojaa. Uti ukichomoza kama kamba iliyovutwa, na mifupa ya nyonga ikawa na ncha, nyama imepungua. Kwa paka mzee hapa ndipo mabadiliko huanza kuonekana, hata kama tumbo bado linaonekana limejaa.

Kiuno na tumbo. Mtazame kutoka juu. Paka mwenye uzito mzuri ana kiuno kinachoingia ndani kidogo nyuma ya mbavu. Kisha mtazame kutoka ubavuni: mstari wa tumbo unapanda kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Usidanganywe na ngozi laini inayoning'inia kati ya miguu ya nyuma na kuchezacheza anapokimbia. Paka wengi, hata wembamba, huwa nayo kwa maumbile. Ikishikika ikawa laini na tupu, ni ngozi. Ikiwa nzito na imejaa, ni mafuta.

Madaktari wa mifugo hutumia alama za 1 hadi 9 kueleza hali hii ya mwili. Alama 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene uliokithiri, na 5 ndiyo inayotakiwa. Huna haja ya kujua kila alama. Inatosha uandike moja kati ya maneno 3: amekonda, yuko sawa, amenenepa.

Hatua ya pili: tumia mizani

Kuna njia 3 ambazo familia nyingi zinaweza kuzimudu.

Ya kwanza ni mizani ya kusimamia, ile watu hupimia uzito wao. Simama juu yake peke yako na uandike namba. Kisha mbebe paka, simama tena, na uandike. Ondoa namba ya kwanza kutoka kwa ya pili. Ukiwa na kilo 68.4, na wewe pamoja na paka mkawa kilo 72.2, paka ana kilo 3.8. Tumia mizani ya kidijitali inayoonyesha angalau gramu 100. Ile ya mshale inaweza kukosea kwa nusu kilo, na kwa paka kosa hilo ni kubwa mno.

Ya pili ni mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza, ambayo wasafiri hutumia kupima mabegi. Mweke paka ndani ya kikapu au mfuko imara wenye mikono, uning'inize, usome namba, kisha uondoe uzito wa kikapu kitupu. Fanya hivyo karibu na sakafu ili akiruka asiumie. Paka wengi hutulia zaidi kikapuni kuliko mikononi.

Ya tatu ni mizani ya jikoni, ambayo inawafaa watoto wa paka. Weka bakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha mweke mtoto wa paka ndani ya bakuli.

Tahadhari moja: usimpime paka kwenye mizani ya duka inayopimia sukari, mchele au nyama. Ni suala la usafi wa chakula cha watu.

Ili namba zilingane, tumia mizani ileile kila mara, iwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, na umpime wakati uleule, kwa mfano asubuhi kabla hajala. Paka mzima apimwe mara moja kwa mwezi. Chagua siku ambayo hutaisahau, kama Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Paka anayetibiwa au anayepunguzwa uzito apimwe kila wiki.

Hatua ya tatu: andika

Namba isiyoandikwa hupotea. Daftari la shule linatosha, au karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Andika tarehe, uzito, na neno moja kuhusu ulichokihisi kwa mikono. Ongeza chochote kilichobadilika: chakula kipya, kutapika, jeraha, mimba.

Chukua mfano wa paka aliyepimwa miezi 5. Januari kilo 3.9. Februari kilo 3.9. Machi kilo 3.8. Aprili kilo 3.7. Mei kilo 3.5. Ukitazama mwezi mmoja mmoja, kila upungufu unaonekana mdogo, na ni rahisi kusema ni joto la kiangazi. Lakini kutoka Februari hadi Mei amepoteza gramu 400, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 10. Bila daftari, mwenye paka huyu angeendelea kumwona ni yuleyule.

Hesabu ni hii: chukua kilichopungua, gawanya kwa uzito wa awali, zidisha kwa 100. Ukipata 5 au zaidi bila sababu unayoijua, mpime tena baada ya wiki moja na umchunguze kwa makini. Ukipata 10, usisubiri. Mpeleke kwa daktari.

Wafugaji wetu wanaujua utaratibu huu. Taarifa za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hufuatilia hali ya mwili wa mifugo kila mwezi kwa sababu mwili wa mnyama hutangulia kueleza kinachokuja. Katika ukame wa kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo, mwenye mifugo aliyetambua mapema kwamba mbuzi wake wanakonda alipata nafasi ya kuuza kabla bei haijaanguka. Mwenye paka hauzi, lakini hupata muda wa kumtibu mnyama kabla ugonjwa haujakomaa.

Paka anapokonda

Kukonda kunaweza kutokana na upungufu wa chakula, na hilo ndilo la kwanza kuuliza. Je, anakula kwenye sahani yake, au kuku na paka mwingine humtangulia? Je, watu wa nyumbani wamedhani panya wanamtosha? Panya hupungua na kuongezeka kwa misimu, na paka anayetegemea mawindo peke yake hukonda wanapoadimika.

Ikiwa anakula na bado anakonda, tafuta sababu nyingine. Kwa paka wachanga minyoo ni sababu ya kawaida: tumbo huvimba wakati mgongo na mbavu vikiwa vikavu, na manyoya hupoteza mng'ao. Viroboto wengi wanaweza kumnyonya damu mtoto wa paka mpaka fizi zake zikawa nyeupe. Meno yaliyooza au fizi zenye vidonda humfanya aikaribie sahani kwa hamu, aonje, kisha aondoke.

Kwa paka aliyepita miaka 7, na hasa aliyepita miaka 10, fikiria figo, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari hunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa sana. Mwenye ugonjwa wa tezi anaweza kula kupita kiasi, akawa hatulii, na bado akazidi kukonda. Hamu nzuri ya chakula isikufanye uamini kwamba yote ni sawa.

Paka anaponenepa

Kwetu mnyama mnono ni neema, na paka mnene husifiwa. Kwa paka, unene una gharama yake: kisukari, maumivu ya viungo, shida ya kujisafisha mgongoni, na kwa madume, hatari kubwa zaidi ya njia ya mkojo kuziba. Katika joto la Garissa, ambapo mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, mafuta mengi humfanya apate shida zaidi kupoa.

Paka wa mjini hunenepa kwa njia rahisi. Anakula nyumbani kwake asubuhi, kwa jirani mchana, na nyuma ya hoteli jioni. Kila mlango unamwona ana njaa. Mwezi wa Ramadhani mabaki ya futari na daku huongezeka, na wakati wa Idd-ul-Adha kila nyumba ina nyama. Paka aliyehasiwa au jike aliyefungwa kizazi huhitaji chakula kidogo zaidi kuliko awali, ilhali hamu yake huongezeka. Kuhasi kuna faida nyingi. Punguza tu sehemu ya chakula na uendelee kupima.

Kumpunguza paka mnene kunahitaji subira. Kamwe usimnyime chakula ili apungue. Paka mnene asiyekula kwa siku 2 au 3 anaweza kupata ugonjwa hatari wa ini, kwa sababu mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Macho na fizi huwa za manjano, na wengi hufa wasipotibiwa. Lengo liwe kupungua kwa takriban asilimia 1 kwa wiki. Kwa paka wa kilo 5.5 hiyo ni gramu 55, au zaidi kidogo ya gramu 200 kwa mwezi. Gawanya chakula cha siku katika sehemu ndogo 3 au 4, waombe majirani wasimlishe, na mchezeshe kwa kamba au mpira wa karatasi jioni hali ya hewa inapopoa.

Sahani ya paka wa Garissa

Uzito mzuri hujengwa na chakula kinachofaa. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji virutubisho vinavyopatikana kwenye nyama, kimojawapo kikiitwa taurini, ambacho akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Wali, anjera, pasta na ugali humjaza tumbo bila kumpa hicho. Anaweza kuwa mnene na bado akawa na lishe duni. Mpe nyama, kuku, samaki au mayai yaliyopikwa bila viungo, au chakula cha paka cha dukani ukiweza.

Mabaki ya pilau na suqaar yana vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya paka, viwe vibichi au vilivyopikwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Maini anayopewa na mwenye bucha yawe kidogo na ya mara chache, kwa kuwa maini kila siku humzidishia vitamini A na kumharibu mifupa ya shingo na mgongo. Samaki mbichi wa Mto Tana asiwe chakula chake cha kila siku.

Maziwa tunayapenda na tunadhani paka hawezi kuishi bila hayo. Paka wengi wazima hawawezi kuisaga sukari ya maziwa, iwe ni ya ng'ombe, mbuzi au ngamia. Wakinywa mengi huharisha, na kuharisha huondoa maji na uzito. Kinywaji cha paka ni maji safi.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana katika eneo letu. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, mnyama wa nchi kavu ambaye mpaka leo anaishi katika sehemu kame za bara hili, Kenya ikiwemo. Alirithi figo zinazobana maji na kiu kidogo. Mawindo yalimpa maji mengi; chakula kikavu hakimpi. Weka bakuli pana la maji kivulini, mbali na choo chake, ubadilishe asubuhi na jioni, na umwagie chakula chake supu isiyo na chumvi wala vitunguu.

Wachanga, wajawazito na wazee

Mtoto wa paka huzaliwa na takriban gramu 100, na anapaswa kuongezeka kama gramu 10 kila siku. Akifika wiki 8 wengi huwa na kati ya gramu 700 na 900. Katika wiki za kwanza mpime kila siku; asiyeongezeka kwa siku nzima anahitaji msaada haraka, na anayepungua yuko hatarini.

Mimba ya paka huchukua takriban miezi 2. Uzito wake huongezeka polepole, na wakati huo asipunguziwe chakula hata akionekana mnene. Anayenyonyesha hula zaidi ya anapokuwa peke yake, na bado anaweza kukonda. Mlishe mara nyingi kwa siku.

Kwa paka mzee, mara nyingi tunasema uzee ndio uliomkondesha. Uzee peke yake haumalizi nyama ya paka. Anapokonda kuna sababu, na baadhi ya sababu hizo hutibika.

Dawa zisizofaa

Mwenye nyumba akiona paka amekonda, hutafuta dawa iliyo karibu. Katika nyumba za wafugaji dawa iliyo karibu ni ya kuoshea mbuzi au ng'ombe dhidi ya kupe. Usimwogeshe paka kwa dawa hiyo. Nyingi zina kemikali ambazo mwili wa paka hauwezi kuzivunja. Hutetemeka, hutokwa na mate, hupata degedege na kufa. Hata paka anayelamba mbuzi aliyetoka kupuliziwa anaweza kudhurika.

Vilevile usimpe dawa za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja cha paracetamol, inayojulikana na wengi kama Panadol, kinaweza kumuua. Dawa ya minyoo ya mbuzi usimkisie kwa macho. Dawa sahihi hupimwa kwa kilo, na hapo ndipo daftari lako linapomsaidia daktari: ukimwambia paka ana kilo 3.2 leo, kipimo cha dawa kitakuwa sahihi.

Wakati wa kutafuta daktari

Mpeleke paka siku hiyohiyo ikiwa hajala kwa zaidi ya siku moja, ikiwa anajikamua kukojoa bila mkojo kutoka, ikiwa fizi zake ni nyeupe au za manjano, ikiwa anahema kwa mdomo wazi, au ikiwa amegusa dawa ya kupe. Dume asiyeweza kukojoa anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2.

Mpeleke ndani ya wiki ikiwa amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, ikiwa anakonda huku akila vizuri, au ikiwa anakunywa maji kuliko zamani. Beba daftari.

Onyo la mwisho linahusu kichaa cha mbwa, ambacho humpata paka pia. Paka ambaye tabia imebadilika ghafla, amekuwa mkali au haogopi chochote, anatokwa na mate au anashindwa kumeza, usimshike wala kumpima. Waweke watoto mbali na uripoti. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende mara moja katika kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo. Usisubiri kuona kama paka atakufa. Paka wako naye achanjwe, kama mbwa anavyochanjwa.

Kwa ushauri, fika katika ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti ndogo yako, iwe ni Garissa Township, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi, Ijara au Hulugho. Ukienda kwa mtoa huduma wa binafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Kabla ya kufika huko, kuna kazi unayoweza kuifanya leo jioni. Mshike paka wako, papasa mbavu na mgongo, mpime, kisha andika namba ya kwanza katika daftari. Mwezi ujao utakuwa na kitu cha kulinganisha.